Macho ya Mgonjwa wa Mgongo

Katika kazi yangu ya kutoa dawa ya usingizi, Kibondo kwanza na baadaye Kasulu, upasuaji mkubwa wa uti wa mgongo umekuwa wa kuandikiwa rufaa, mara nyingi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Hata hivyo nashikilia kwamba hatari ya mgonjwa wa upasuaji huo kuamka haoni isemwe huku huku, ndugu wakiwa wamekaa. Akishasafiri zaidi ya kilomita 1,000, mbuzi wameuzwa na msindikizaji ni mmoja, fomu ya ridhaa ikiletwa jioni ya kuamkia upasuaji atasema nini zaidi ya ndiyo?

Wengi, hata wenzangu wa fani, hudhani jicho liligandamizwa tu. Mwaka 2006 wataalamu wa usingizi wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 93 waliopoteza kuona baada ya upasuaji wa mgongo. Wagonjwa 83 neva ya jicho ilikosa damu. 10 tu ndio ambao ateri ya retina iliziba, aina inayohusishwa na jicho kugandamizwa. Baadhi ya wale 83 vichwa vyao vilishikwa kwa pini, jicho halikuguswa na kitu. Karibu wote walikaa kwenye nusu kaputi saa 6 au zaidi, au walipoteza damu lita 1 au zaidi. Ndiyo maana hushauriwa kichwa cha aliyelala kifudifudi kisishuke chini ya usawa wa moyo, na upasuaji mrefu pengine ugawanywe. Neva ikishakufa, hakuna tiba iliyothibitishwa ya kuirudisha.

Nitaambiwa kwamba jambo lenyewe ni adimu, makadirio mengi hayazidi wagonjwa 2 kwa 1,000, na kulitaja ni kumkimbiza mtu kwa mganga. Hofu hiyo ina msingi: kifua kikuu cha mgongo, kwa mfano, kikiachwa kinaweza kupoozesha miguu. Basi hatari zote mbili zitajwe pamoja, na ya macho atajiwe anayekwenda kwenye upasuaji mrefu tu. Mkulima ambaye miguu yake tayari haina uhakika ana haki ya kupima mwenyewe hatari ya macho yake. Uadimu haumpunguzii uzito wa hasara. Wengine husema hayo ni ya daktari mpasuaji. Ni yake, lakini uamuzi wa kwenda hufanywa na ukoo, tena Kasulu. Msindikizaji naye aelezwe: mgonjwa akizinduka aulizwe kama anaona, na akisema ukungu, daktari wa macho aitwe saa hiyo hiyo, kwa kuwa shinikizo la damu na upungufu wa damu bado vinaweza kurekebishwa.