Maji Yenye Rangi ya Chai

Juzi nikielekea Magu kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu, gari letu la mtumba lilichemka Kisesa. Rejeta ilipopoa nilifungua: maji mazito, yenye rangi ya chai ya maziwa. Mara mbili nilikuwa nimemwaga maji ya namna hiyo na kuweka mapya, bila kuuliza uchafu umetoka wapi. Nilipanda pikipiki; nilipofika, mgonjwa alikwisha kufariki.

Kesho yake fundi wa Nyakato aliwasha injini, akanionyesha mapovu yakipanda ndani ya rejeta: gasketi ya silinda hedi imeungua, oili inaingia majini.

Nami katika kitubio, mara ngapi nabadili maji tu na kuuacha ufa? Tuombe neema ya kutafuta chanzo. Mungu awabariki.