Moto wa Kuchoma na Moto wa Kubanika



Katika mji wetu wa Butembo jioni haikosi harufu ya nyama ya mbuzi. Penye njia panda na mbele ya maduka ya vinywaji makala yanawaka, mishikaki inageuzwa, pilipili inanyunyizwa, na kabla mtu hajamaliza kusalimiana na wenzake chakula kiko mkononi. Moto huo mnaujua vizuri. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya moto mwingine, ule wa kubanika samaki, ambao sisi wa nyumba yetu tulijifunza tukiwa tayari watu wazima, na ambao tunaona umeanza kubaki mikononi mwa wazee peke yao.

Asili yake kwetu ni ziwani. Ziwa Edward liko chini, kwenye kimo cha zaidi ya mita 900, hali Butembo imekaa juu ya mita 1,700. Kutoka Kyavinyonge na Vitshumbi samaki hupanda mlima: tilapia, bagrus, kambare. Samaki mbichi hangoji. Siku barabara inapokatwa na mvua au kufungwa na vita, beseni zima laweza kuoza njiani, na pamoja nalo ada ya shule ya watoto wa muuzaji. Samaki aliyebanikwa vizuri humngoja mwenyewe.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja wa huko ziwani, aliyepanda mjini kwa kukimbia vita akapata chumba karibu nasi. Siku ya kwanza alitukuta uani tukitayarisha mbabula.

“Wanangu, samaki huyo mnataka kumla leo, au mnataka akae?”

“Akae, Mama.”

“Basi ondoeni nusu ya moto.”

Katika neno hilo mlikuwa karibu somo lote. Kuchoma hupika upesi kwa joto la makala, na maji mengi hubaki ndani ya nyama. Ndiyo maana ni tamu jioni hiyo na haifai kesho kutwa. Kubanika huyatoa maji polepole, na moshi huacha juu ya ngozi vitu vinavyozuia vijidudu. Samaki hupasuliwa, hutolewa matumbo na matamvua, huoshwa, hutiwa chumvi ili ianze kuvuta maji, kisha huachwa penye hewa mpaka ngozi ikauke na kunata kidogo kidoleni. Akiwekwa juu ya moshi angali na maji, huchukua masizi na uchungu. Moto wa kwanza huwa mdogo. Baadaye huongezwa mpaka nyama iive. Mwishoni hubaki moshi peke yake, kwa saa nyingi. Moto ukianza kwa nguvu, ngozi hukaza na maji hufungiwa ndani. Samaki wa namna hiyo huonekana mkavu sokoni, nawe siku ya tatu wamfungua ukakuta harufu karibu na mfupa.

Kuni ziwe za mti mgumu uliokauka: mpera, mparachichi, au matawi ya mikahawa iliyopogolewa. Mbao zenye rangi zisikaribie chakula, wala mifuko ya plastiki ambayo wengine huwashia moto. Pipa la chuma lililokatwa katikati na kufunikwa kwa wavu latosha nyumbani, mradi lisiwe limebeba dawa au kemikali. Tena kazi yote ifanyike nje. Usiku wa Butembo una baridi, na wako wanaoingiza mbabula chumbani na kufunga mlango; makala hayo hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Je, nyama ya porini? Vijana wa Beni wametuuliza, kwa kuwa huko nayo hubanikwa. Tunakumbuka Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuchukua watu zaidi ya 2,200. Moto mkali huua virusi, lakini hatari humtangulia moto: iko katika damu, mikononi mwa anayewinda na anayechinja. Sisi tulichagua samaki.

Lakini samaki naye ana deni lake, nalo ni kuni. Saa nyingi za moshi hula mti mwingi. Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, inazunguka makao ya wavuvi, na makala yanayochomwa ndani yake kwa siri yamewalisha wenye silaha. Afadhali miti ya mikaratusi tuliyoipanda wenyewe vilimani, ingawa moshi wake una harufu ya dawa. Kule Ghana, katika kijiji cha Chorkor karibu na Accra, ilibuniwa tanuri ya udongo yenye chaga za mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, hata joto la moto mmoja likatumikia samaki wengi. Yahitaji matofali ya udongo na seremala mvumilivu, vitu ambavyo havikosekani kwetu.

Deni la pili ni macho ya mama zetu. Moto wa kuchoma, wenye fedha za upesi na watazamaji, umeshikwa na wanaume. Moto wa kubanika, wenye machozi na kikohozi, umeachiwa wanawake. Hatuoni sababu yake. Mkono unaogeuza mshikaki waweza kugeuza samaki.

Mama yule aliipenda sura ya 21 ya Injili ya Yohane, penye moto wa makaa ufukoni na samaki juu yake. Wengine husimulia zaidi juu ya wavu uliojaa. Yeye alisema tu kwamba aliyewasha moto ule aliamka mapema kuliko wavuvi.

Sasa amerudi ziwani, na pipa limebaki uani kwetu. Tumekwisha kukusanya matofali ya tanuri, chaga bado. Vijana watakaotaka kujaribu pamoja nasi waje Ijumaa jioni na kuni kavu, kwa sababu samaki hulala na chumvi usiku kucha.