Breki Inapolia, Usikimbilie Kuinyamazisha

Yapo makelele ambayo masikio yetu yamekwisha kuyazoea hata hayatushtui tena, na mojawapo ni mlio wa breki. Gari lasimama kwenye taa za barabarani, gurudumu lapiga yowe, abiria wakunja nyuso, kisha safari yaendelea. Mwenye gari akiulizwa hujibu kwamba ni vumbi tu. Huenda ni vumbi kweli. Huenda pia si vumbi hata kidogo, na kwa kuwa katika gari hilo hupanda watoto wako na wazazi wako, yafaa tuizungumze tofauti hiyo.

Magari mengi madogo yana diski za chuma kwenye magurudumu ya mbele. Ukanyagapo breki, mafuta husukuma pistoni, na pedi mbili, moja ya ndani na moja ya nje, huibana diski mpaka gurudumu lisimame. Pedi zikibana huku zinatetemeka, mtetemo huo huwa mlio, kama vile ukingo wa bilauri unavyolia ukisuguliwa kwa kidole chenye maji.

Mlio wa asubuhi, hasa baada ya mvua ama kwa gari lililolala karibu na bahari, usikunyime usingizi. Usiku diski huota kutu nyembamba, na ukifunga breki mara tatu nne kutu hiyo hufutika na mlio hukoma. Mkwaruzo usiokoma hata usipokanyaga breki, aghalabu ukiwa umetoka kwenye barabara ya changarawe, huwa ni kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati lake la kukinga vumbi. Walakini mlio mkali, mwembamba, unaorudi kila ukanyagapo breki mchana kutwa, huo ni wa kusikilizwa. Pedi nyingi zimetiwa kijiulimi cha chuma ambacho huigusa diski mara pedi inapobaki na unene wa milimita 2 au 3. Kiliwekwa hapo makusudi ili kipige kelele. Pedi za bei rahisi mara nyingi hazina kijiulimi hicho, kwa hiyo ukimya nao si ushahidi wa uzima. Na sauti ikisha kuwa nzito, ya kukoroma, chuma juu ya chuma, basi pedi imekwisha na diski yenyewe inaliwa. Gari hilo lisitoke tena uani.

Wakati wa masika ya mwaka 2023 ilitubidi kwenda Lushoto kumwona baba mkwe, ambaye hali yake haikuwa nzuri. Gari letu kuukuu lilikuwa limeanza kulia gurudumu la mbele la kushoto. Jirani mmoja, kwa nia njema, alitushauri tupake grisi kidogo kwenye uso wa pedi, akasema mlio utakoma papo hapo. Naam, ungekoma, na breki ingekoma pamoja nao. Aijuaye njia ya Mombo hadi Lushoto, zaidi ya kilometa 30 za kona na makorongo, anajua maana ya kuteremka mlima ule bila breki.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alichungulia katikati ya rimu akaiona pedi ina unene wa kutosha. “Pedi nzima hii, shemeji,” akaniambia. “Tuondoke alfajiri.” Mimi nilitaka gurudumu livuliwe kwanza, tukalivua. Pedi ya nje, ile iliyoonekana, ilikuwa nene kama kidole cha mtoto. Ya ndani, isiyoonekana mpaka gurudumu litoke, ilikuwa imebaki kama sarafu. Pini zinazoiwezesha kalipa kuteleza zilikuwa zimekauka grisi na kushikwa na kutu, basi pedi ya ndani peke yake ndiyo iliyokuwa ikibeba kazi ya mbili. Ilikuwa Jumamosi jioni, maduka ya vipuri yamefungwa. Tulipanda basi, sote watano, mtoto mdogo akipakatwa, na tukamkuta mzee angali akizungumza.

Ukitaka kutazama mwenyewe, legeza nati gurudumu likiwa bado chini, weka mawe kwenye magurudumu mengine, inua kwa jeki, kisha egemeza gari kwenye stendi ya chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, na matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Pima pedi zote mbili. Mpya huwa na karibu milimita 10. Ikifika 3 ibadilishe, na ubadilishe za kushoto na za kulia kwa pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja. Grisi ina mahali pake: kwenye zile pini na mgongoni mwa pedi, nayo iwe ile maalumu ihimiliyo joto. Usoni mwa pedi, la hasha!

Mafundi wengi huipiga msasa pedi iliyong'aa kama kioo, kisha huipuliza. Siungi mkono. Pedi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kuleta saratani, na pedi isiyo na jina hujui imetiwa nini. Vumbi lake liloweshwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kitupwe. Watoto wakae mbali.

Pedi mpya zikiingia na gurudumu likirudi, kaza nati kwa kupokezana, moja ya huku na ya mkabala wake. Kisha, kabla ya kutia gia, kanyaga pedali ya breki mara nyingi mpaka iwe ngumu. Pistoni iliyosukumwa ndani kupisha pedi mpya huiacha pedali ikididimia hadi chini mara ya kwanza, na wapo waliolitambua hilo wakiwa tayari wanauelekea ukuta. Pedali ikiendelea kuwa laini, kuna upepo au uvujaji kwenye mabomba. Hapo weka spana chini. Usimpelekee fundi gari. Mlete fundi kwenye gari, hata kama itakubidi umlipie nauli ya kuja na kurudi.