Makombo na Mikono ya Jirani



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno, nalo ni ndoo mbili zilizowekwa nyuma ya jikoni la hoteli.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaitaka kila taasisi nchini Kenya, iwe ya umma au ya binafsi, itenganishe taka zinazooza na zisizooza, na kuziweka katika vyombo vyenye maandishi na rangi tofauti. Agizo hilo lawahusu wenye hoteli, maduka na shule, na kadhalika majiko ya kumbi zetu za parokia, ambako sherehe za arusi huacha sufuria nzima za pilau. Na kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuondoa taka, ni kaunti ndizo zinazopaswa kulifikisha agizo hili mlangoni pa mfanyabiashara.

Tumezungumza na baadhi ya wenye hoteli ndogo mitaani mwetu, na manung'uniko yao hayafai kupuuzwa. Mama mmoja auzaye chapati na maharagwe alituuliza: "Padre, nikitenganisha mimi, kisha lori lije lichanganye yote, nitakuwa nimefanya kazi gani?"

Swali lake ni la haki. Sheria hiyo hiyo inawaamuru wachukuzi wabebe taka zilizotenganishwa tu, tena inazitaka kaunti ziwe na mahali pa kuzipokea na kuzichakata upya. Kumwandama mwenye kibanda huku lori la kuchanganya likipita bila kuulizwa ni kumtwisha mnyonge mzigo ambao mkubwa ameukwepa.

Hata hivyo, wapendwa, tusisahau taka hizo huishia wapi. Jaa la Dandora, jijini Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini taka ziliendelea kumwagwa humo miaka mingi baadaye. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hilo ni za kuoza. Chakula kikifukiwa chini ya lundo pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hulipasha joto anga na huweza kuwaka moto. Nao wanaojitafutia riziki jaani huingiza mikono mitupu katika ugali uliochacha, ndani yake mkiwa na vipande vya chupa. Yule anayetenganisha jikoni humpunguzia hatari ndugu ambaye hatamwona kamwe.

Makombo yaliyotengwa yana kazi. Huwa mboji shambani, hulisha nguruwe, na siku hizi hufugiwa mabuu ya nzi ambao hugeuzwa chakula cha kuku. Tena humfunza mwenye hoteli, kwani ndoo inayojaa wali kila jioni humwonyesha kwamba anapika kupita kiasi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilieleza mwaka 2024 kwamba dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022, na asilimia 28 ya hizo zilitoka katika hoteli, mikahawa na biashara nyingine za kuandaa chakula. Hayo yalitokea wakati mamilioni ya watu wakilala njaa.

Tunakumbuka kwamba Bwana wetu, baada ya kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, vikajaa vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuizidisha mikate hakuyadharau makombo.

Basi tunapendekeza kwamba majiko ya parokia na ya jumuiya zetu yaanze kutenganisha sasa, pasipo kungoja faini. Wenye hoteli wakubaliane na mfugaji wa karibu achukue ndoo ya makombo, maana njia hiyo haihitaji lori. Na sote kwa pamoja tumwendee mwakilishi wa wadi, tumwulize kwa heshima: lori la kaunti litaanza lini kuitii sheria tunayotakiwa sisi kuitii?

Tunawatakia Dominika njema.