Asembo Bay: Mahali ambapo jumba bovu halitishi mtu

Je, mpenzi msomaji, umewahi kujifungia na kitabu cha kutisha, ukazima redio na kukaa tayari kutetemeka, kisha ukakimaliza bila hata unywele mmoja kukusimama? Kama ulikisomea Asembo Bay, usishangae.

Kutoka Kisumu unashika barabara ya Busia hadi Kisian, kisha unapinda kushoto kuelekea Bondo. Unapita Holo na Kombewa, halafu unaiacha barabara kuu na kuteremka hadi Ghuba ya Winam. Ufuoni akina mama wameanika omena juu ya nyavu na wavuvi wanajiandaa kwa kazi ya usiku. Upepo wa ziwa ni mtamu, na vivuli vya kusomea havikosi.

Nilikwenda huko na hadithi ya Mmarekani Edgar Allan Poe, The Fall of the House of Usher, iliyotoka mwaka 1839. Hadithi za majumba makuukuu yenye siri zilianzishwa na Mwingereza Horace Walpole mwaka 1764, na wanaomwiga hadi leo hawahesabiki. Jumba la Poe lina ufa kutoka paani hadi kwenye maji yaliyo mbele yake. Ndani yumo Roderick, mgonjwa wa hofu, na dadake Madeline, ambaye anawekwa chumba cha chini kama maiti kumbe angali hai. Mwishowe jumba linapasuka na kumezwa na maji.

Loo! Nilitarajia kuogopa, nikapiga miayo. Tazama maboma yaliyo kando ya njia, nawe utaelewa sababu.

Kwanza, maiti. Kwa Wajaluo, mwenye boma huzikwa papo hapo, kando ya nyumba yake. Watoto hucheza karibu na kaburi la babu, na mbuzi hujilaza juu ya simiti yake. Marehemu kuwa nyumbani si jambo la kutisha. Angekuwa kwingine, hapo ndipo watu wangekosa usingizi.

Pili, jumba lenyewe. Wana wakishahama kwenda kuanzisha maboma yao na wazee wakifariki, nyumba za udongo huanguka polepole. Mahali hapo huitwa gunda. Utapatambua kwa ua wa minyaa, ambayo wenyeji huiita ojuok, uliobaki umesimama. Samadi na majivu ya miaka mingi huipa ardhi hiyo rutuba. Kwa Poe, nyumba ikianguka ukoo umekwisha. Hapa nyumba ikianguka, wajukuu hupanda mahindi.

Hata hivyo, usidhani watu wa huku hawana hofu. Wanayo, nayo ni ya kukosa dala, yaani nyumbani. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukakataa: mjini mtu ana nyumba tu, nyumbani ni kwao. Maiti ikangoja miezi mitano mahakama ziamue, hadi alipozikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Tafuta jumba la Poe lenye kisa kizito kama hicho!

Ukitaka riwaya itakayokukosesha usingizi, soma The Promised Land ya mwaka 1966. Mwandishi wake, marehemu Grace Ogot, alizaliwa papa hapa Asembo mwaka 1930. Ochola na mkewe Nyapol wanaiacha Seme kwenda kutafuta utajiri Tanganyika. Huko jirani mwenye kijicho anamroga Ochola, na ngozi yake inaota vitu kama miiba. Hakuna jumba wala ufa. Kuna mtu aliye mbali na kwao tu.

Nikirudi nilihesabu nyumba za mawe zilizojengwa na walio Nairobi na ng'ambo. Zina vigae, madirisha ya vyuma na kufuli kubwa. Nyingi hufunguliwa Desemba, au kukiwa na matanga. Nyumba ya udongo ikiachwa hurudi udongoni na kulisha watu. Hizi zitasimama miaka mingi, kimya, bila moshi jikoni. Mbele ya mojawapo, jua likizama, ndipo mwili uliponisisimka.

Je, msomaji, wewe nyumba yako ya mashambani ilifunguliwa lini mara ya mwisho?