Bawa na Hewa

Binti yetu anayesomea urubani Nairobi alituletea Matuga daftari lidailo kuwa hewa ipitayo juu ya bawa huharakisha ili ikutane na ya chini kwa wakati mmoja. Mtoto wa shangazi yake, aliyefunzwa Afrika Kusini, akakataa. Naye ana haki: mwaka 2003 Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwa picha za moshi kwamba hewa ya juu hutangulia. Bawa huielekeza hewa chini, nayo hulinyanyua. Likiinuliwa kupita kiasi, hewa huachana nalo na ndege huporomoka. Hapo ndipo sisi wazazi hukosa usingizi. Jumatatu, inshallah, anarudi, na tumemwomba amuulize mwalimu wake kwa adabu.