Sahani Ndogo za Uingereza

Methali moja yasema ya kale hayanuki. Nyingine yasema ya kale ni dhahabu. Ya kwanza yatutaka tusiyafukue yaliyopita, ya pili yatutaka tuyatunze. Mimi nadhani jambo la zamani halistahili sifa kwa sababu ya kupita kwake tu. Lastahili sifa likiwa lilifanya kazi njema, na kazi ile sasa imekosa wa kuifanya. Kwa mizani hii nataka kupima sahani ndogo za santuri za Uingereza, ambazo nilizijua nilipokuwa mwanafunzi katika mji mmoja wa kaskazini ya nchi ile, toka 1980 hata 1983.

Umbo la sahani hizo ni dogo. Upana wake ni inchi 7, huzunguka mara 45 kwa dakika, na kila upande aghalabu huchukua wimbo mmoja wa dakika tatu hivi. Aina hii ilitolewa kwanza Marekani mwaka 1949. Ilipofika Uingereza iligeuka kuwa mali ya vijana, maana bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wao. Novemba 1952 gazeti la New Musical Express lilichapa orodha ya kwanza ya nchi ile ya sahani zilizouzwa kwa wingi, yenye ngazi 12 tu. Tangu hapo watu wakaizoea kuingoja orodha kila juma kama tungojavyo kuandama kwa mwezi. Hata mwana wa Unguja alizipanda ngazi hizo. Freddie Mercury, aliyezaliwa kisiwani mwaka 1946, alikaa kileleni majuma tisa pamoja na bendi yake ya Queen kuanzia mwisho wa 1975, kwa wimbo uliokaribia dakika sita.

Lakini zilizonivuta zaidi hazikuwa kazi za makampuni makubwa. Zilikuwa kazi za watu wadogo waliochoka kubisha milango ya wakubwa. Januari 1977 vijana wa Manchester waitwao Buzzcocks walitoa sahani yao wenyewe, Spiral Scratch, kwa paundi 500 walizokopa kwa jamaa na marafiki. Walichapa nakala 1,000, zikaisha, wakachapa nyingine. Mwaka uliofuata bendi ya Scritti Politti ilitoa sahani ambayo juu ya jalada lake iliorodheshwa gharama yote ya kuitengeneza, ili kila aliyetaka kujaribu ajue hesabu yake. Ufundi uliokuwa siri ya wenye mali ukawa wazi kama mapishi ya uji. Duka la Rough Trade, lililofunguliwa magharibi ya London mwaka 1976, likazipokea sahani hizo na kuzisambaza, na Januari 1980 wasio na wakubwa wakapata orodha yao wenyewe ya mauzo.

Kizuri chajiuza, lakini hata kizuri chahitaji sauti ya kukitangaza. Sauti hiyo ilikuwa ya John Peel wa Redio ya BBC. Mwaka 1978 alipokea kutoka Ireland ya Kaskazini sahani ya vijana wa Derry, The Undertones, iliyotolewa na kampuni ndogo ya Belfast, mji uliokuwa katika mapigano. Aliupiga wimbo wao, Teenage Kicks, mara mbili mfululizo. Peel alifariki mwaka 2004, na maneno ya wimbo huo yamechongwa juu ya jiwe la kaburi lake.

Mimi nilizisikia sahani hizi kwa hisani ya jirani. Karo ya wanafunzi wa kigeni ilikuwa imepandishwa mwaka 1980, na mfukoni mwangu hapakuwa na nafasi ya muziki. Katika nyumba niliyopanga alikaa kijana Mwingereza ambaye kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Alipokea posho ya wasio na kazi, na kila baada ya majuma mawili alitoa karibu paundi moja katika posho hiyo kununua sahani. Nilimwuliza kwa nini mtu mwenye upungufu wa chakula anunue nyimbo. Alijibu ya kuwa chakula humkumbusha kuwa yu maskini, na wimbo humkumbusha kuwa yu mtu.

Julai 1981 sahani iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa Ghost Town ya The Specials, bendi ya Coventry iliyochanganya weusi na weupe. Ilisimulia miji iliyokufa kwa ukosefu wa kazi. Wakati ule ule ghasia zilikuwa zikiwaka Toxteth na Moss Side. Tuliisikiliza katika chumba chake, yeye asiye na kazi na mimi niliyekuwa mgeni, na kwa mara ya kwanza nilifahamu kuwa hofu yake na yangu zilikuwa ndugu. Mwaka 1983 alikwenda London kutafuta riziki, akaniachia sahani 19 nimtunzie. Aliniandikia barua mbili, kisha kimya. Hata leo nazihesabu kuwa amana, wala si mali yangu.

Kwa hiyo nisikiapo watu wakisema siku zile zilikuwa tamu, mimi huuliza: tamu kwa nani? Wengi waliotengeneza nyimbo hizo walilala na njaa, na wengi waliozinunua hawakuwa na kazi. Kumbukumbu ikiufuta uchungu huo na kubakiza muziki peke yake, itakuwa imewadhulumu wote wawili. Sitamani kurudi katika umaskini ule, wala sidai kuwa vijana wa leo hawana nyimbo nzuri. Wanazo, tena ni nyingi kuliko saa za maisha ya kuzisikiliza.

Ninalolikosa ni jambo moja, nalo ni usikivu. Aliyenunua wimbo kwa sehemu ya mlo wake hakuuacha katikati. Aliusikiliza hata mwisho, akageuza sahani, akausikiliza wimbo wa upande wa pili, ambao haukutazamiwa kumpendeza mtu, na mara nyingine akakuta huo ndio bora. Upande wa pili ulifundisha subira na insafu, kwamba kitu kisihukumiwe kwa uso wake mmoja. Maduka mengi yamefungwa na orodha hazingojwi tena kama zamani, lakini fadhila hiyo haikutiwa ndani ya sahani. Ilikuwa ndani ya watu, na watu wangalipo. Kila kizazi kina upande wa pili wa kugeuza, wa wimbo, wa kitabu na wa jirani. Atakayeugeuza atapata faida ambayo sisi tuliipata kwa paundi moja.